Kamera za filamu zarejea: Namna ya kujifunza kupiga na kusafisha picha nyumbani

Na Mwandishi Wetu

KATIKA makabati ya nyumba nyingi za mijini, chini ya vitenge vilivyokunjwa na bahasha za vyeti vya shule, bado ipo kamera ambayo haijaguswa kwa miaka 20 au zaidi. Mara nyingi huwa pamoja na vipande vya mkanda wa rangi ya kahawia ambavyo, vikielekezwa kwenye mwanga, huonyesha watu wenye nywele nyeupe waliosimama chini ya anga jeusi. Hizo ndizo negativu, na picha zote za harusi, ubatizo, maulidi na mahafali za enzi hizo zilitokana nazo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba teknolojia hiyo imekwisha kabisa. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na kabla ya hapo, mwaka 2004, kampuni ya Ilford ya Uingereza nayo iliwahi kuwekwa chini ya mfilisi. Wengi waliamini kwamba mazishi yalikuwa yamebaki kutangazwa tu.

Hata hivyo, mambo yamekwenda kinyume. Mwaka 2018 Kodak ilirudisha sokoni filamu ya rangi ya Ektachrome iliyokuwa imesitishwa. Desemba 2023 kampuni ya Harman, inayotengeneza filamu za Ilford, ilitoa filamu mpya ya rangi iitwayo Phoenix. Mwaka 2024 ikatoka kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, jambo ambalo miaka kumi iliyotangulia lingechukuliwa kuwa mzaha.

Wanaozinunua kwa wingi ni vijana, ambao wengi wao walizaliwa wakati filamu ikiwa inaondoka madukani. Kwao kamera ya zamani ni kitu kipya.

Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito zaidi ya mtindo. Mafundi waliokuwa wakisafisha picha katika studio za mitaani wanazeeka, na studio nyingi zimefungwa au zimegeuka kuwa maduka ya kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti kwa mashine za kidijitali. Wakati huo huo mikanda iliyopigwa bila kusafishwa, pamoja na maelfu ya negativu, ingali imelala katika masanduku ya familia. Asipokuwapo wa kuirithi kazi hiyo, kumbukumbu hizo zitaozea humo.

Makala haya yanaeleza namna mtu anayeanza anavyoweza kujifunza kupiga picha kwa kamera ya zamani na kuisafisha filamu yake mwenyewe nyumbani, akizingatia hali ya hewa yetu.

Historia iliyo karibu nasi

Upigaji picha wa filamu si mgeni katika pwani hii. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mwaka 1930, na picha zake za Mji Mkongwe zimebaki kuwa ushahidi wa namna watu walivyoishi na kuvaa. Mombasa nayo ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambamo wakazi wa mji huo walipigwa picha kwa miongo kadhaa katikati ya karne ya 20.

Mohamed Amin, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, alianza akiwa kijana mdogo kwa kamera rahisi ya sanduku aina ya Brownie. Kampuni yake ya Camerapix aliianzisha jijini Dar es Salaam mwaka 1963.

Kisa cha Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya, ndicho kinachoonyesha vyema zaidi thamani ya negativu. Ramrakha aliuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra nchini Nigeria. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa haijulikani ilipo, mpaka jamaa zake walipozikuta katika gereji jijini Nairobi. Mwaka 2018 picha hizo zilichapishwa katika kitabu. Kama mtu mmoja angeamua kusafisha gereji hiyo na kutupa masanduku, sehemu ya historia ya uhuru wa Afrika Mashariki ingekwenda jalalani.

Picha hujifichaje ndani ya filamu?

Anayetaka kujifunza hana budi kwanza kuelewa filamu ni kitu gani. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba la jelatini. Ndani ya jelatini hiyo kuna chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha, ambazo tabia yake ni kubadilika zinapoguswa na mwanga.

Shata ya kamera inapofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga huingia na kuzigusa chembe hizo. Mabadiliko yake ni madogo kiasi kwamba ukiutazama mkanda huo huwezi kuona tofauti yoyote. Picha tayari ipo, ila imejificha.

Kazi ya kuidhihirisha ndiyo mafundi wetu huiita kusafisha. Dawa ya kwanza, developa, huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa madini halisi ya fedha, ambayo katika hali hiyo huonekana meusi. Ndiyo maana kanzu nyeupe huwa nyeusi kwenye negativu na nywele nyeusi huwa nyeupe: palipopokea mwanga mwingi ndipo palipojaa fedha.

Chembe ambazo hazikuguswa zisipoondolewa, zitaendelea kupokea mwanga na kuifuta picha yote. Hapo ndipo dawa nyingine, fiksa, inapohitajika ili kuziyeyusha. Uwezo huo wa chumvi iitwayo thaiosalfeti uligunduliwa na mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, mwaka 1819, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa rasmi jijini Paris mwaka 1839. Dawa za jamii hiyo hiyo ndizo zinazotumika hadi leo.

Kuchagua kamera

Anayeanza anashauriwa atafute kamera ya milimita 35 inayofanya kazi bila kutegemea betri. Mkanda wa kamera hizo hutoa picha 36, hupatikana kwa urahisi kuliko aina nyingine, na huingia katika vifaa vingi vya kusafishia.

Miongoni mwa zinazofaa ni Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976. Shata yake huendeshwa kwa springi tupu, na betri ni kwa ajili ya kipima mwanga peke yake. Zenit-E ya Urusi ya Kisovyeti, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, haihitaji betri hata kidogo, kwa sababu kipima mwanga chake huendeshwa na mwanga wenyewe. Upungufu wake ni kwamba shata yake huanzia 1/30 na kuishia 1/500 ya sekunde, hivyo haina nafasi kubwa ya kuchagua.

Ziko pia kamera zinazotumia mkanda mpana wa 120, kama vile Yashica Mat, ambazo mpigaji huchungulia kwa juu. Mkanda huo hutoa picha 12 za mraba, na kwa kuwa negativu yake ni kubwa, picha huwa na undani mwingi. Hata hivyo ni vyema mtu akaizoea milimita 35 kwanza, kwani kila kosa kwenye mkanda wa picha 12 lina gharama kubwa.

Kabla ya kununua au kutumia kamera ya zamani, mambo manne yachunguzwe. Kwanza, fungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, elekeza lenzi kwenye mwanga na bonyeza kitufe katika kila mwendo. Shata ifunguke na kufunga, na mwendo wa polepole usikike tofauti na ule wa haraka.

Pili, tazama ndani ya lenzi kwa kumulika tochi. Katika miji ya pwani unyevu huotesha kuvu ambazo huonekana kama nyuzi za buibui kwenye kioo. Kuvu kidogo pembezoni hakuharibu picha sana, lakini zikienea katikati lenzi hiyo haifai.

Tatu, gusa sponji nyeusi zilizo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Zikiwa zinanata kama lami au kumomonyoka, mwanga utapenya na kuacha mistari kwenye picha. Dawa yake ni rahisi: kwangua za zamani na ubandike uzi mweusi wa sufu au sponji mpya.

Nne, fahamu betri inayotakiwa. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimepigwa marufuku kwa sababu za mazingira. Betri za sasa za volti 1.5 huweza kukidanganya kipima mwanga, hivyo kilinganishe na kamera nyingine au programu ya simu kabla ya kukiamini.

Kupima mwanga wa jua letu

Mwanga unaofika kwenye filamu hutawaliwa na vitu viwili: ukubwa wa tundu la lenzi na muda ambao shata hukaa wazi. Tundu hupewa namba kama f/4, f/8 na f/16, na namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Namba ya ISO iliyoandikwa kwenye filamu huonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga.

Iko kanuni ya zamani isiyohitaji kifaa chochote. Jua likiwa wazi, weka tundu kwenye f/16 na mwendo wa shata ulio karibu na namba ya ISO. Filamu ya ISO 100 itapigwa kwa 1/125, na ya ISO 400 kwa 1/500. Mawingu mepesi yakitanda fungua hadi f/11, yakizidi weka f/8, na ukiwa kivulini nenda f/5.6 au f/4.

Kutokana na kanuni hiyo, mwenye Zenit-E ataona mara moja kwamba filamu ya ISO 400 humfikisha mwisho wa kamera yake katika jua la saa sita mchana. Kwa kazi za nje, filamu ya ISO 100 au 125 itampa uhuru zaidi, na ile ya 400 ataiweka kwa ajili ya jioni na ndani ya nyumba.

Jambo jingine ni rangi ya ngozi. Kipima mwanga kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinachotazamwa kina wastani wa kijivu. Kikielekezwa kwenye kanzu au gauni jeupe la bibi harusi, kitaamuru mwanga upunguzwe, na nyuso zitatoka kama vivuli. Isitoshe, katika karne iliyopita maabara nyingi za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakaonekana vibaya bila kosa lao.

Ufumbuzi ni kupima kwenye uso wa mtu, si kwenye nguo. Uso ukiwa mweusi sana, punguza hatua moja kutoka kwenye kipimo hicho ili ubaki na rangi yake ya kweli. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga badala ya kupunguza, kwani negativu huvumilia ziada kuliko upungufu. Kivuli ambacho hakikupokea mwanga hakuna dawa itakayokifufua.

Kosa ambalo huwapata wengi katika mkanda wa kwanza ni kupiga picha 36 huku filamu haitembei. Kulizuia ni rahisi: baada ya kufunga mgongo, kaza kidogo kile kirungu cha kurudishia filamu, kisha vuta wenzo wa kusogezea. Kirungu kikizunguka chenyewe, filamu imeshika. Kisipozunguka, fungua na upange upya. Filamu ikiisha, irudishe yote kwenye kopo lake kabla ya kufungua kamera.

Vifaa vya kusafishia

Wengi huamini kwamba kusafisha filamu kunahitaji chumba kizima chenye taa nyekundu kama inavyoonekana kwenye sinema. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Taa nyekundu hutumika wakati wa kuchapa picha kwenye karatasi. Filamu nyingi za sasa huona rangi zote, nyekundu ikiwamo, na zikiwashiwa taa hiyo zitaungua mara moja. Filamu hudai giza totoro.

Giza hilo linahitajika kwa dakika chache tu, wakati wa kuitoa filamu kwenye kopo lake na kuiviringisha kwenye gurudumu la plastiki. Kazi hiyo hufanyika ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili ya kuingizia mikono. Gurudumu likishawekwa ndani ya kopo la kusafishia na kufunikwa, kazi nyingine zote hufanyika mezani kwenye mwanga wa kawaida, kwa sababu kopo hilo hupitisha dawa bila kupitisha mwanga.

Kabla ya kuingiza filamu yenye picha, toa kafara mkanda mmoja na uutumie kwa mazoezi. Viringisha ukiwa unaona, kisha ukiwa umefumba macho, kisha ndani ya mfuko. Gurudumu liwe kavu kabisa, kwani jasho au tone la maji litaikwamisha filamu njiani. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, fanya kazi hii asubuhi na mapema au usiku, maana mikono hutoa jasho haraka ndani ya mfuko.

Vingine vinavyohitajika ni kipimajoto, saa, majagi yenye vipimo, chupa za kutunzia dawa, beseni, mkasi na vibanio vya nguo. Vifaa hivi visirudi jikoni tena. Vaa glavu, fungua madirisha, na weka dawa mahali ambapo watoto hawafiki. Filamu na dawa aghalabu huagizwa kutoka nje, hivyo ni busara wanaoanza wakashirikiana wawili watatu kugawana gharama.

Anayeletewa filamu na ndugu aliyeko ng'ambo amwombe aibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za ukaguzi zinazotumika katika viwanja vingi vya ndege zina miali mikali inayoweza kuiharibu filamu kabla haijapigwa hata picha moja.

Joto ndilo adui

Chukua mfano wa filamu ya Ilford HP5 Plus yenye ISO 400, inayosafishwa kwa developa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Maelekezo ya kiwanda ni dakika 13 katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Hapa ndipo mwanafunzi wa pwani anapokutana na mtihani ambao vitabu vya Ulaya havikuuandika: maji ya tangi lililo juu ya paa huwa yanakaribia nyuzi 30.

Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi kwa kasi. Kwa kukadiria, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda kwa karibu asilimia 10. Katika nyuzi 24 zile dakika 13 hushuka hadi takriban 9. Muda ukishuka chini ya dakika tano, dawa haiwahi kuenea sawasawa na picha hutoka na mabaka. Zaidi ya hayo jelatini hulainika katika joto kubwa, na hata kucha inaweza kuikwaruza.

Kwa hiyo usipambane kuifikia nyuzi 20. Lenga nyuzi 24. Weka chupa zote za dawa ndani ya beseni la maji, tumbukiza chupa ya plastiki yenye maji yaliyoganda, na usubiri mpaka kipimajoto kionyeshe kiwango hicho. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe. Dawa zote, pamoja na maji ya kusuuzia, ziwe na joto linalokaribiana, kwa sababu mabadiliko ya ghafla huweza kuikunja jelatini na kuiachia mikunjo isiyofutika. Wakazi wa Arusha, Mbeya au Nairobi wana nafuu katika jambo hili.

Filamu za rangi husafishwa kwa nyuzi 38, na muda wa developa ni dakika tatu na sekunde 15. Joto letu laonekana kuwa karibu na hapo, lakini usahihi unaotakiwa ni mkubwa mno, hivyo aanze na nyeusi na nyeupe kila anayejifunza.

Hatua kwa hatua

Kwa mkanda mmoja wa milimita 35, kopo la kawaida la Paterson huhitaji mililita 290 za dawa. Mkanda wa 120 huhitaji mililita 500.

Mimina developa na uanze kuhesabu muda. Pindua kopo taratibu kwa sekunde 10 za mwanzo, kisha ligonge mezani ili viputo vya hewa vitoke. Rudia kulipindua kwa sekunde 10 kila dakika inapoanza. Ukipindua zaidi ya hapo picha itakuwa kali, ukisahau itakuwa hafifu.

Muda ukiisha, mwaga developa na umimine dawa ya kusimamisha, ambayo ni asidi nyepesi, kwa muda mfupi unaoelekezwa kwenye chupa yake. Kisha mimina fiksa kwa dakika mbili hadi tano kulingana na aina yake. Ili kujua kama fiksa bado ina nguvu, kabla ya kuanza chukua ile ncha ya filamu uliyoikata na uitumbukize humo. Hesabu muda inaochukua kuwa angavu, kisha zidisha mara mbili. Huo ndio muda wako.

Chupa ziandikwe kwa herufi kubwa. Fiksa ikitangulia kumiminwa kabla ya developa, filamu nzima itatoka angavu kama kioo na hakuna fundi duniani atakayeirudisha.

Hatua ya kusuuza huwatisha wengi kwa sababu ya mgawo wa maji. Habari njema ni kwamba hakuna haja ya kuacha bomba likitiririka nusu saa. Utaratibu wa Ilford, kwa fiksa isiyogandisha jelatini, ni kujaza kopo maji na kulipindua mara tano, kumwaga, kujaza tena na kupindua mara kumi, kumwaga, kisha kujaza na kupindua mara 20. Kwa mkanda mmoja hayo ni maji yasiyofika lita moja.

Mwisho ning'iniza filamu bafuni kwa kibanio, na kibanio kingine chini ili isijikunje. Funga mlango. Feni isiwashwe, kwani vumbi linalonata kwenye jelatini mbichi halitoki tena.

Developa iliyotumika humwagwa na maji mengi, lakini fiksa iliyotumika imebeba madini ya fedha na haifai kumwagwa karibu na kisima, mto au bustani. Itunzwe kwenye dumu lenye alama mpaka ipatikane taasisi inayopokea taka za kemikali.

Mikanda ya wazee wetu

Baada ya mikanda mitano au sita yenye matokeo mazuri, mwanafunzi anaweza kuanza kufikiria ile iliyolala kabatini. Asithubutu kujifunzia juu yake. Mkanda wa babu hauna wa pili.

Filamu ya zamani iliyopigwa bila kusafishwa haifi yote kwa mara moja. Picha iliyojificha hufifia taratibu, na joto na unyevu huharakisha kufifia huko. Mikanda ya nyeusi na nyeupe imewahi kutoa picha baada ya miongo kadhaa. Ya rangi, ikizeeka sana, hupoteza rangi zake, lakini huweza kusafishwa kwa dawa ya nyeusi na nyeupe na kutoa walau nyuso za watu.

Soma maandishi ya kopo kabla ya lolote. Yakisema C-41, ni negativu ya rangi ya kawaida. Yakisema Kodachrome, fahamu kwamba maabara ya mwisho duniani iliyosafisha filamu hiyo, huko Parsons katika jimbo la Kansas, ilisimamisha kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Rangi zake hazipatikani tena, na kilichobaki ni kujaribu nyeusi na nyeupe. Wakati ukisubiri, usifungue kopo na usilijaribu kwenye kamera. Lifunge ndani ya mfuko usiopitisha unyevu na ulihifadhi kwenye friji.

Negativu zilizokwisha kusafishwa nazo zina haki yake. Zishikwe pembeni, zikatwe vipande vya picha sita sita na kuwekwa kwenye bahasha za karatasi safi au plastiki maalumu, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Nakala ya kidijitali hupatikana kwa kuzilaza juu ya kioo chenye mwanga sawia na kuzipiga kwa kamera au simu nzuri, kisha kuzigeuza rangi kwa programu ya kompyuta. Baada ya hapo negativu zisitupwe, kwa kuwa simu huibiwa na diski huharibika, ilhali negativu iliyosuuzwa vizuri hudumu kuliko aliyeipiga.

Kazi moja haihitaji dawa, giza wala gharama, nayo ndiyo yenye haraka kuliko zote. Kaa na wazee wa nyumbani mkiwa na picha hizo mikononi, muulizane nani ni nani, wapi na mwaka gani, na mwandike majibu kwa penseli kwenye bahasha. Kusafisha filamu kunaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi, lakini anayejua majina ya waliomo pichani huenda asisubiri.